Turubai la Bi Kuruthumu

Mistari ile myeupe waliichora Jumapili, siku ambayo maduka mengi ya mtaa wetu wa Kariakoo hufungwa na barabara hupata kupumua. Jumatatu nilipotoa cherehani yangu barazani nikaikuta imeshakauka, imepangwa kutoka kona hadi kona, na mmojawapo umepita chini kabisa ya ngazi ya mlango wetu. Nikamwita mwenye nyumba. Bi Kuruthumu akatoka na ufagio mkononi, akaitazama, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Hii nayo ya nini, Blandina?"

Sikujua. Kabla chai haijapoa tukajua. Gari la kwanza liliingia katikati ya mistari, likasimama ubavu kwa ubavu na baraza, dereva akashuka upande wa pili akaenda zake sokoni. Msichana mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa, jina lake Nice, akalipiga picha na kamashine kake ka kukatia risiti. Basi, mlango wetu ukawa maegesho.

Mimi ni mpangaji tu, fundi cherehani, nilitoka Mbinga nikiwa msichana, na nimekaa kwa Bi Kuruthumu muda wa kutosha kujua hata kikohozi chake cha hasira na kile cha mafua. Nyumba yake ni ya Kiswahili, ya chini, vyumba huku na vyumba kule na ukumbi katikati. Zamani mtaa mzima ulikuwa hivyo. Sasa ghorofa zimeizunguka pande zote, na ukuta wa ghorofa ya nyuma umeziba hata kile kimlango cha uani, kwa hiyo kila kinachoingia na kila kinachotoka hupita mlango wa mbele. Madalali wamekuja na maneno matamu mpaka wakachoka. Yeye huwajibu kwamba hapo ndipo alipoletwa bi harusi, na hapo ndipo atakapotolewa.

Na kama kuna mtu mkweli katika Dar es Salaam hii, ni yeye, mkweli mpaka anakera. Alikuwa akiuza kanga pale pale barazani. Mteja akiuliza, "Hii haichuji?" humjibu, "Inachuja." Nilimsema mara ngapi! Bi mkubwa, waambie wakiifua kwa maji baridi haichuji. Hataki. Anasema kanga inachuja hata ukiifua kwa maziwa, na biashara ikafa hivyo hivyo, yeye hana habari.

Mumewe, Mzee Abbasi, aliuza tende na ubani sokoni umri wake wote, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani. Mungu hakuwajalia mtoto. Figo zake zilipokufa, ikabidi apelekwe hospitali Upanga kusafishwa damu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, maisha yake yote yaliyobaki. Kukosa hata siku moja ni hatari, daktari alisema hivyo mbele yetu sote. Miguu nayo ikavimba, ikamkataa. Lakini walikuwa na utaratibu wao. Pius wa bajaji, kijana wa Buguruni mwenye adabu zake, alisogeza bajaji mpaka kwenye ngazi, Mzee Abbasi akashika bega la mkewe, akajivuta kidogo, ameketi. Kisha anaiweka sawa kofia yake, anaitikia salamu za watu, anaondoka kama anakwenda harusini. Nafasi ya bajaji moja mbele ya mlango, basi. Bi Kuruthumu hakutaka kingine.

Jumanne ya kwanza baada ya mistari hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata mbuzi. Magari yalikuwa yamebanana kichwa kwa mkia, ya wanunuzi wa kutoka Lubumbashi, Lusaka, Mbeya, na wengine Mungu ndiye anajua walikotoka. Pius akabaki kona anapiga honi. Mwisho mbeba mizigo mmoja akamweka Mzee Abbasi mgongoni, akapita naye ubavuubavu katikati ya bampa mbili, akamkalisha kwenye mkokoteni juu ya boksi lililokunjuliwa. Mkokoteni ukaanza safari ya kumfuata Pius, na barabara yote ikawa inatazama. Mpumbavu mmoja akapaza sauti:

"Oya, huyo mzee mnamuuza jumla au rejareja?"

Watu wakacheka. Nilimtolea tusi ambalo hata nikiungama kwa padri sitalitaja. Mzee Abbasi alivua kofia yake akaificha ndani ya kanzu, labda akidhani bila kofia hatajulikana. Bi Kuruthumu alikuwa ameshika ubavu wa mkokoteni, akaliona hilo. Jioni ile hakula.

Kesho yake nikamsindikiza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu, Bushiri, ni mtoto wa mtaa huu huu. Utotoni alishinda kwa Bi Kuruthumu akinywa uji wake wakati mama yake yuko kibaruani. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bushiri. Nataka nafasi ya bajaji mlangoni kwangu. Siku za hospitali, asubuhi tu."

Bushiri akakuna kichwa. "Mama, ile ni sheria ndogo ya maegesho, imetoka juu. Barabara kashapewa mkandarasi wa kukusanya ushuru. Mimi hapa sina uwezo wa kuhamisha hata jiwe."

"Si mlikuja kuniandikisha mkasema mimi ni mkazi?"

"Mkazi ndiyo, mama. Ila barabara si ya mkazi, ni ya umma."

"Na mume wangu si umma?"

Bushiri akainama. Akasema tulilete jambo hilo mkutanoni.

Mkutano wenyewe ulikuwa vurugu tupu. Wenye maduka walisema bila maegesho wateja watahama. Wakazi, sisi tuliobaki, tukauliza zimamoto atapita wapi nyumba ikiungua. Mwenye ghorofa la jirani, aliyepangisha fremu zake zote na mwenyewe anakaa mbali kwenye bahari na upepo, akasimama akasema wagonjwa wana mtaa wao, waende Upanga. Nikainuka nikamwombea kwa Mungu figo zake zife zote mbili ndipo aje tuzungumze. Nikaambiwa nikae chini. Bushiri aliandika kila kilichosemwa, na wiki ikaisha, na nyingine, na Mzee Abbasi akaendelea kubebwa mgongoni.

Ndipo mama yake Mwanne akafariki. Mwanne ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, muuza viungo. Turubai la bluu likafungwa kutoka nguzo ya umeme hadi dirishani kwetu, viti vya plastiki vikapangwa, na magari yakaondoka yenyewe. Wenyewe walikuja mbio na funguo mkononi wakiomba radhi: "Poleni sana na msiba." Nice alivua kizibao chake cha kung'aa, akakaa na akina mama kuchambua mchele. Kariakoo mtu atakuuzia simu yenye sabuni ndani na usiku akalala usingizi mzuri, lakini mbele ya turubai la msiba kila mtu ana adabu.

Siku zote za matanga Pius alifika mpaka kwenye ngazi. Nilimwona Bi Kuruthumu amesimama mlangoni anatazama juu, kwenye lile turubai.

Jumatatu iliyofuata akaniuliza, "Blandina, mimi nikimsomea hitma babu yangu, kuna ubaya?"

"Ubaya gani tena, bi mkubwa? Si dua?"

"Alikufa zamani mno."

"Kwani dua inachacha?"

"Basi kesho asubuhi tunamsomea," akasema, akaenda kuazima turubai kwa Mwanne.

Ndivyo ilivyoanza, na naomba ieleweke kwamba hakusema uongo hata mara moja. Jumanne alisomewa babu. Maalimu wa madrasa ya jirani alikuja na wazee wenzake, wakasoma kweli, wakanywa kahawa, wakala vitumbua nilivyovichoma mimi Mkristo. Alhamisi akasomewa bibi mzaa mama. Jumamosi mama mdogo aliyefia Kilwa. Wakafuata wajomba, wakafuata binamu, akafuata hata mke wa kwanza wa babu ambaye ukoo mzima haukumpenda. Dereva akija na gari lake, akaliona turubai, hurudi nyuma taratibu. Mmoja alimshika mkono Bi Kuruthumu kwa huruma.

"Pole sana, mama. Amefariki lini?"

"Kabla ya Uhuru," akajibu.

Yule bwana alidhani uchungu umemchanganya, akazidi kumpa pole. Nice ndiye aliyeanza kutushtukia, ila alikuwa na moyo wa binadamu. Alinong'ona siku moja akichukua kitumbua:

"Bi mkubwa, huo ukoo wenu umebakiza mtu kweli?"

"Wengi, mwanangu. Upande wa baba sijaugusa."

Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Hizo ndizo siku zetu nzuri. Kofia ya viua ilirudi kichwani, na Mzee Abbasi akipanda bajaji alimtania mkewe, "Kuru, wazee wako wamenifaa kuliko walio hai." Naye Bi Kuruthumu alicheka huku amejifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akaonekana msichana.

Lakini tulikosea, na kosa lenyewe hatukuliona sisi, waliliona wenzetu. Tuliizoesha barabara turubai. Madereva wakaanza kuuliza kwanza: "Huu ni msiba wa kweli au ule wa yule bibi?" Ikafika arobaini ya mama yake Mwanne. Mwanne akafunga turubai lake mwenyewe, na dereva wa fuso akakataa katakata kuondoa gari. "Mmezidi nyie," alimwambia. "Kila siku mnakufa nyie tu?" Wageni wa Mwanne walikula pilau wakiwa wamebanwa ukutani, moshi wa fuso usoni.

Mwanne alikuja barazani kwetu analia kwa hasira.

"Mama yangu mmemfanya kichekesho!" akasema. "Turubai langu mwenyewe nimewaazima, mkalichezea!"

"Nisamehe, Mwanne," Bi Kuruthumu akasema. "Sikucheza. Nilisoma dua kweli."

"Ulisoma dua kwa ajili ya bajaji!"

Bi Kuruthumu akanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kwake: ukimkamata kwenye ukweli hajitetei.

Mkandarasi naye akalalamika, mkutano ukaitishwa, na mtaa ukapitisha utaratibu mpya. Hakuna turubai kwenye maegesho bila kibali cha ofisi, na ofisi inafunguliwa siku za kazi. Bushiri akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Wa kwanza ulikuwa wa Mwanne. Kisha ikapanda mikono ya majirani zetu wengine, watu waliokula vitumbua vyangu wakilamba vidole. Waliokataa tulikuwa mimi na Bi Kuruthumu. Akasimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mimi nilitaka nafasi ya bajaji tu," akasema.

Watu wakaanza kukusanya viti.

Tukarudi kwenye kubebwa. Wabeba mizigo wale si watu wabaya, lakini nao wana haraka, na mzee alizidi kuwa mzito kwa maji. Siku moja kofia na kiatu kimoja vilianguka chini ya gari na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuinama kuviokota. Alhamisi iliyofuata Pius alipiga honi kona, mbeba mizigo akaingia ukumbini, na Mzee Abbasi akatikisa kichwa.

"Leo sibebwi," akasema.

Tulimsihi. Pius aliiacha bajaji yake barabarani, akaja akapiga magoti mbele ya kiti chake, "Twende baba, mimi mwenyewe nitakubeba." Mzee akampapasa kichwa, lakini alikuwa akimtazama mkewe.

"Kuru," akauliza, "Jumamosi kutakuwa na nafasi mlangoni?"

Nilimkodolea macho Bi Kuruthumu. Nilimwomba kwa macho. Sema ndiyo, mwanamke wewe, mara moja tu katika maisha yako, sema ndiyo aondoke leo akiwa na moyo wa kesho kutwa!

"Hakutakuwa," akasema.

"Basi," mzee akasema, akageuzia uso ukutani.

Kesho yake pumzi ikaanza kumpaa. Usingeweza kumlazimisha, kila aliyemgusa alimsukuma kwa mkono wake uliovimba. Jumamosi, adhana ya alfajiri ilipokwisha, nikasikia mlango wa chumba chao unafunguliwa. Bi Kuruthumu alisimama ukumbini akaniambia, "Blandina, Bwana Abbasi ameondoka." Alisema taratibu, na sauti yake ikanivunja kabisa.

Maiti ya Kiislamu hailazwi. Ilitakiwa azikwe siku ile ile, na ofisi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Bushiri alikuja, akalia machozi ya kweli, akampigia simu mtendaji wa mtaa, haikupokelewa. Akasema yeye peke yake hawezi kutoa kibali, tulikubaliana wote mkutanoni. Nilimwambia aondoke mbele yangu. Pius na wenzake wa bajaji wakaamua kufunga turubai bila kibali. Waliwabembeleza madereva wawili waliowahi asubuhi, wakaondoa magari, nafasi ikapatikana, kamba ya kwanza ikafungwa kwenye nguzo. Ndipo mgambo wakafika. Mkubwa wao alitazama nyumba, akatabasamu.

"Aa, ni kwa yule bibi. Leo kamfufua nani?"

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilimkamata ukosi wa shati, nikamburuta ngazi zote mpaka ukumbini. Udi ulikuwa unafuka. Nyuma ya shuka lililotundikwa maji ya kuoshea yalikuwa yanamwagika kwenye beseni, na harufu ya kafuri imejaa nyumba. Mbele ya shuka, kwenye mkeka, Bi Kuruthumu alikaa na kile kiatu kimoja cha mumewe kilichobaki mapajani. Mgambo akavua kofia. Akasema "poleni" kwa sauti ndogo, akatoka kinyumenyume.

Nje wenzake walikuwa wameshalikunja turubai. Na ile nafasi iliyosafishwa kwa kubembeleza ilikuwa imeshaingiwa na gari jeusi la vioo vya giza, limebana baraza letu, na mwenyewe keshazama sokoni. Vijana walimtafuta duka kwa duka. Msikitini wakataja namba ya gari kwenye spika. Jua likapanda, adhuhuri ikasaliwa, hakutokea mtu.

Wakaamua kutoka hivyo hivyo. Mtaani kwetu jeneza likitoka mlangoni watu huligombea, kila mmoja anataka japo hatua chache begani. Mzee Abbasi hakupata bega. Wanaume walisimama huku na huku ya gari, wakalinyanyua jeneza juu ya vichwa vyao, wakalipitisha juu ya paa, wakipeana kwa ncha za vidole. Mguu mmoja wa jeneza ukagusa bati. Gari likaanza kulia, kile king'ora chao cha kupandisha na kushusha, kikazifunika tahlili zote. Wazee walizidi kupaza sauti, gari likazidi kulia, na kwa mbali mtu angedhani ni wizi, si maziko. Mwanne alisimama ng'ambo, mikono kichwani, anaomboleza. Liliendelea kulia hata jeneza lilipokunja kona kuelekea makaburini Kisutu.

Jumapili asubuhi nilipika uji nikampelekea. Mjane wa Kiislamu hukaa eda, hatoki hata barazani mpaka muda wake utimie. Alikuwa ameketi ukumbini pale pale kwenye mkeka, amejitanda, uso ameuelekeza kwenye mlango wa mbele uliofungwa.

"Blandina," akasema, "aliniuliza kama kutakuwa na nafasi. Ningemwambia ndiyo. Ningepungukiwa nini?"

Nilikaa sakafuni nikalia, na yeye, mfiwa, ndiye aliyenipa upindo wa kanga yake nijifute. Akangoja ninyamaze.

"Hebu fungua utazame," akasema. "Nje kukoje leo?"

Nikafungua mlango, nikatoa kichwa. Maduka yalikuwa yamefungwa. Kutoka kona hadi kona hapakuwa na gari hata moja, mistari imelala mitupu juani, na paka alikuwa amejinyoosha katikati ya nafasi ya mbele ya ngazi yetu. Zingeingia bajaji zote za Buguruni.

Nikaurudisha mlango.

"Kumejaa, bi mkubwa," nikasema. "Hapapiti hata mbuzi."

Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mikono, akapokea uji.